Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kukusanya na kujadili albamu mpya za metali kali

Majibu haya ni kwa wanaonunua albamu za dethi metali, bleki metali, thrashi, graindikoa (ya kasi mno) na dumu (doom, ya polepole na nzito), kisha wakataka kuzizungumzia na wenzao kwa undani. Maswali mengi hutoka kwa vijana wanaoanza. Machache hutoka kwa wakongwe wenye rafu zilizojaa, ambao bado hawajui la kusema wakiulizwa, "Hii uliyoipata juzi ikoje?"

Metali kali ni ipi hasa?

Ni matawi ya muziki ulioanzishwa na Black Sabbath mjini Birmingham mwaka 1970, ila kasi, uzito na ukali wa sauti vimesukumwa mbali zaidi. Chimbuko la karibu ni miaka ya mwanzo ya 1980. Venom wa Newcastle walitoa Welcome to Hell mwaka 1981 na Black Metal mwaka 1982. Uswisi kulikuwa na Hellhammer, waliogeuka kuwa Celtic Frost. Sweden ikatoa Bathory, na California ikatoa Slayer na Possessed.

Baada ya hapo kila mji ulijitengenezea sauti yake. Tampa, Florida, ilikuwa na studio ya Morrisound, ambako bendi nyingi za dethi metali zilirekodi chini ya mikono ya Scott Burns. Stockholm ilikuwa na Sunlight ya Tomas Skogsberg, na gitaa linalonguruma kama msumeno kwa sababu ya kidude kidogo cha kukanyaga, Boss HM-2, vitufe vyake vikizungushwa hadi mwisho. Nottingham ilikuwa na lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, ya Earache. Bergen ilikuwa na ukumbi wa Grieghallen, ambako fundi wa sauti Pytten alirekodi sehemu kubwa ya bleki metali ya Norway tunayoienzi. Ukitaka kujadili albamu ya zama hizo, anza kwa kuuliza ilirekodiwa wapi. Jibu litakueleza nusu ya unachosikia.

Kwa nini ninunue wakati kila kitu kipo kwenye simu?

Chukua Scum ya Napalm Death, ya mwaka 1987. Ina nyimbo 28. Upande wa kwanza ulirekodiwa mwaka 1986 na Justin Broadrick kwenye gitaa na Nik Bullen kwenye besi na sauti. Upande wa pili ulirekodiwa mwaka uliofuata, na watu karibu wote ni wengine: Lee Dorrian anaimba, Bill Steer anapiga gitaa, Jim Whitely anapiga besi. Aliyebaki pande zote mbili ni mpiga ngoma Mick Harris. Ukiwa na santuri, unaigeuza kwa mkono wako na bendi nyingine inaanza. Kwenye simu, wimbo wa 12, "You Suffer", uliotambuliwa na kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mfupi kuliko zote duniani kwa sekunde 1.316, unapita, wa 13 unaingia, na hujui kwamba umevuka mpaka.

Jalada la ndani likikutajia majina hayo, umepata kazi ya mwaka mzima. Broadrick alikwenda kuunda Godflesh. Dorrian aliunda Cathedral na kuanzisha lebo ya Rise Above. Steer alikuwa Carcass. Albamu moja imekufungulia milango mitatu, na kila mlango ni aina tofauti ya muziki.

Kuna sababu ya pesa pia. Bendi ndogo huishi kwa kuuza nakala na fulana. Anayenunua hata CD moja, moja kwa moja kutoka kwa bendi, ameisaidia kuliko anayeisikiliza bure kwa miezi.

Nianze na albamu zipi?

Ningekupa Left Hand Path ya Entombed, ya mwaka 1990, kabla ya nyingine yoyote. Ni nzito, ni chafu, lakini ina nyimbo unazoweza kuzikumbuka baada ya kusikiliza mara moja, na wimbo wenye jina la albamu unamalizikia kwa gitaa la huzuni linalomshangaza kila anayedhani muziki huu ni kelele tu. Halafu Altars of Madness ya Morbid Angel, 1989, ambako gitaa la Trey Azagthoth linakwenda mahali ambapo sikio halitarajii. Halafu Human ya Death, 1991. Hizo tatu zikikaa sawa kichwani, ingia Norway kwa In the Nightside Eclipse ya Emperor, iliyorekodiwa Grieghallen mwaka 1993, ambamo kinanda kinafunika albamu nzima mfano wa ukungu wa mlimani.

Reign in Blood ya Slayer, ya mwaka 1986, uwe nayo hata kama hupendi thrashi. Haifiki dakika 30 na karibu kila bendi ya dethi metali iliyofuata imejifunza kitu ndani yake.

Usianze na kaseti adimu ya bendi isiyojulikana kwa sababu mtu amekuambia ndiyo "halisi". Utalipa pesa nyingi kwa kitu ambacho sikio lako bado halina pa kukilinganisha.

Santuri, CD au kaseti?

Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayeanza leo, nasema CD bila kusita. Ni nyepesi kwa posta, zilizotumika ni rahisi bei, hubeba hadi dakika 74 au 80, na hustahimili hali ya hewa yetu vizuri kuliko vingine. Miaka ya 1990 ndiyo miaka ya dhahabu ya muziki huu, nayo ilikuwa miaka ya CD. Nyingi ya albamu hizo zilipangwa zisikike hivyo.

Santuri ina jalada kubwa, na jalada ni sehemu ya muziki huu. Dan Seagrave, mchoraji Mwingereza, alichora Altars of Madness, Left Hand Path na Like an Ever Flowing Stream ya Dismember, na kwenye upana wa inchi 12 unaona nyuso na ngazi na mizizi ambayo kwenye CD ni madoa tu. Lakini santuri ina mipaka yake. Upande mmoja husikika vizuri ukiwa na dakika 20 na ushee. Ukijazwa zaidi, mifereji hubanana, sauti hushuka na besi hufifia. Ndiyo maana albamu ndefu za siku hizi hugawanywa kwenye santuri mbili, na unalipia uzito wa zote mbili kwa posta.

Kaseti ina historia yake. Kabla ya lebo kuupokea muziki huu, vijana walibadilishana kaseti za majaribio kwa barua, kutoka Florida hadi Sweden hadi Brazili, na bendi kama Death ilijulikana hivyo kabla ya kuwa na albamu. Bendi nyingi za bleki metali bado hutoa kaseti kwa idadi ndogo. Nunua ukiwa na mashine nzuri ya kuichezea. Mashine mbovu hutafuna utepe, na utepe uliotafunwa haurudi.

Toleo la kwanza lina maana yoyote, au ni majivuno ya wenye pesa?

Lina maana mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni sauti. Toleo la kwanza mara nyingi ndilo bendi na fundi walilolisikia na kulikubali wakati ule. Ya pili ni uadimu, na hiyo haihusiani na sauti kabisa. Albamu ya kwanza ya Bathory, ya mwaka 1984, ina mfano maarufu. Mbuzi wa jaladani alitakiwa kuwa wa rangi ya dhahabu, akatoka manjano. Nakala 1,000 zilichapwa hivyo, kisha rangi ikabadilishwa kuwa nyeupe. Leo nakala za mbuzi wa manjano huuzwa kwa pesa za kutisha, na kwa sababu hiyo hiyo zimeigizwa mno. Muziki ulio ndani ni ule ule.

Kutambua toleo, tazama vitu vitatu. Namba ya lebo kwenye mgongo wa jalada: Altars of Madness, kwa mfano, ni MOSH 11 ya Earache. Kisha karatasi ya katikati ya santuri. Kisha, na hapa ndipo ukweli ulipo, maandishi yaliyochongwa kwenye sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na karatasi hiyo. Jalada huigizwa kwa urahisi, na namba ya lebo hurudiwa kwenye matoleo mapya, lakini michongo hiyo hutoka kwenye bamba lililotumika kiwandani. Linganisha na picha zilizowekwa na wengine kwenye tovuti ya Discogs. Muuzaji akikataa kukupigia picha ya michongo, mwache.

Matoleo mapya "yaliyosafishwa" ni bora kuliko ya zamani?

Inategemea kilichofanywa, na neno moja hutumika kwa kazi mbili tofauti.

Kazi moja ni kuchukua rekodi ile ile na kuiandaa upya kwa sauti ya juu zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mafundi wengi walibana sauti hadi ngoma ndogo na ngoma kubwa zikawa na nguvu sawa na gitaa, na hakuna kinachopumua. Muziki huu tayari umejaa. Ukiubana tena unakuwa ukuta mmoja, na sikio linachoka baada ya nyimbo nne. Earache wenyewe walikuja kutoa baadhi ya albamu zao za zamani kwa santuri zisizobanwa hivyo, na tofauti inasikika hata kwenye spika za kawaida.

Kazi nyingine ni kurudi kwenye tepu za studio na kuchanganya vyombo upya. Human ya Death ilifanyiwa hivyo kwa toleo la lebo ya Relapse la mwaka 2011, kazi ikifanywa na Jim Morris wa Morrisound. Kwenye toleo la 1991 besi ya Steve DiGiorgio imezama, unaikisia tu. Kwenye lile la 2011 imejitokeza, na unagundua kwamba muda wote huo kulikuwa na mtu wa nne akizungumza chumbani. Nina zote mbili na sitaki kuachana na hata moja. La zamani lina giza linalonifaa, jipya linanionyesha ujenzi.

Kwa hiyo mnapojadili albamu ya zamani, kila mtu aseme kwanza anasikiliza toleo gani. Nimeona mabishano makali kuhusu besi ya Human kati ya watu wawili ambao, kwa kweli, walikuwa wakisikiliza rekodi mbili tofauti.

Nanunua wapi nikiwa huku, na ushuru je?

Bandcamp, tovuti ambako bendi huuza muziki wao, iliyoanzishwa mwaka 2008, ndiyo njia ninayoipenda kwa bendi hai. Wao hukata asilimia 15 kwa muziki wa kupakua na 10 kwa bidhaa za kushika, na tangu Machi 2020 wamekuwa na Ijumaa maalumu ambazo huacha fungu lao. Kupakua faili zisizopoteza ubora, kama FLAC, ni ukusanyaji halali kabisa. Usikubali mtu akuambie huna albamu kwa sababu huna boksi. Kwa albamu za zamani kuna Discogs, iliyoanza mwaka 2000 kama kumbukumbu ya matoleo na ikawa pia soko kubwa la nakala zilizotumika.

Posta ndiyo inayoumiza. Santuri moja kutoka Ulaya inaweza kugharimu nauli kubwa kuliko bei yake. Tafuta muuzaji mmoja mwenye albamu tano unazozitaka badala ya wauzaji watano wenye moja moja. Unganeni watu watatu mwagize kifurushi kimoja. Mwenye ndugu ughaibuni anayerudi likizo, amwombe kwa adabu, na CD, si santuri. Masanduku ya ndege huvunja.

Hesabu kodi mapema. Kenya kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, Tanzania Bara ni 18, na kuna ushuru na ada nyingine juu yake. Usimwombe muuzaji aandike "zawadi" au bei ya uongo. Kifurushi kikipotea utalipwa kile kilichoandikwa, na kikikaguliwa utaeleza mwenyewe.

Hapa nyumbani, maduka ya santuri ni machache na mengi yanauza rumba, benga, soul na rege. Soko la Kenyatta jijini Nairobi lina kibanda maarufu cha santuri. Usiende ukitafuta Morbid Angel. Nenda ukajifunze kuikagua santuri kwa mwanga wa pembeni, kwa sababu mikwaruzo ya benga na ya bleki metali ni ile ile.

VG+, NM, G: hizi herufi ni nini?

Ni daraja za hali ya nakala. M ni mpya kabisa, NM karibu mpya, VG+ imetumika kwa uangalifu, VG ina kelele utakazozisikia, na G, usidanganyike, ni iliyochakaa. Kwa santuri nanunua kuanzia VG+. Dumu ina sehemu za kimya na mlio wa vumbi humo huudhi. Kwa graindikoa naweza kushuka hadi VG, kwani hakuna kimya cha kuharibu.

Ninaishi Mombasa. Jalada zinaota kuvu. Nifanyeje?

Unyevu wa pwani ni adui mkubwa kuliko joto, ingawa joto nalo lipo. Kabati la mbao lililobanwa ukutani ndilo mahali pabaya zaidi. Ukuta hutoa unyevu na hewa haipiti. Sogeza rafu kiasi cha kiganja kutoka ukutani, usiiweke chini sakafuni, na acha migongo ya majalada ikiangalia chumba. Vipakiti vya chembe za kunyonya maji, vile vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme, vitupie katikati ya rafu na uvibadilishe. Ukiwa na kiyoyozi, usiwashe na kuzima ovyo. Mabadiliko ya ghafla huleta umande ndani ya plastiki.

Plastiki ya nje ni nzuri kwa jalada, lakini isifungwe kabisa, vinginevyo unaufungia unyevu ndani. Santuri zisimame wima, zisilaliane. Usiache yoyote ndani ya gari mchana, hata kwa nusu saa, maana itajikunja na haitanyooka tena.

Kuvu kikishaingia kwenye mifereji ya santuri ya vinaili, maji yaliyosafishwa kwa mvuke, tone la sabuni laini na kitambaa kisichotoa nyuzi vinatosha mara nyingi. Spiriti kidogo iliyochanganywa na maji inakubalika kwa vinaili. Lakini tahadhari: ikiwa umerithi santuri nzito za zamani za nyumbani, zile za kasi ya 78 za zama za Siti binti Saad, ambaye kampuni ya HMV ilimrekodi Bombay mwaka 1928, usizisogeze karibu na spiriti. Zile si vinaili, ni shelaki, na spiriti huyeyusha shelaki. Nataja hili kwa sababu nyumba nyingi za pwani bado zinazo, na mkusanyaji wa metali ndiye mtu wa familia ambaye wazee humkabidhi "asafishe na hizi".

Nimepata albamu mpya leo. Niisikilizeje kabla ya kuizungumzia?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo mijadala mingi hufa. Mtu anapiga picha ya jalada, anaandika "kali sana", wenzake wanaweka alama ya moto, basi. Hakuna aliyejifunza kitu, na bendi iliyofanya kazi miaka miwili imepewa maneno mawili.

Mara ya kwanza isikilize mwanzo hadi mwisho bila kuandika na bila simu. Mara ya pili shika jalada, soma majina, studio, mwaka, maneno ya nyimbo. Mara ya tatu chagua chombo kimoja ukifuate chote. Ngoma ni mahali pazuri pa kuanzia. Je, mpigaji ana kile kipigo cha haraka ambapo ngoma ndogo na kubwa zinafukuzana, au anabadilisha? Anakitumia wapi, na akikiacha kitu gani kinatokea? Kisha ngoja siku kadhaa na uone ni sehemu gani imekurudia yenyewe ukiwa kwenye daladala.

Nitoe mfano halisi. Absolute Elsewhere ya Blood Incantation wa Denver, iliyotoka Oktoba 2024, ina kazi mbili tu, "The Stargate" na "The Message", kila moja imegawanywa sehemu tatu. Walirekodi Berlin kwenye studio ya Hansa. Ukisema "wamechanganya dethi metali na muziki wa anga", umesema kile ambacho kila mtu amesema. Sikiliza namna wanavyopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika sehemu ya pili ya "The Stargate" yumo Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, kundi la Ujerumani la muziki wa sinthesaiza, na sauti za sinthesaiza zinachukua nafasi yote, lakini gitaa likirudi halirudi kama mgeni. Uliza kwa nini. Mimi naona ni kwa sababu mpiga ngoma hakuacha kufikiri kama mpiga dethi metali hata pale alipopiga taratibu. Mwingine atasema ni besi. Hapo sasa mna mjadala, na kila mmoja anaweza kurudi kwenye rekodi na kumwonyesha mwenzake dakika anayoizungumzia.

Santuri ya albamu hiyo ina kazi moja kila upande. Kile kimya cha kugeuza kimo ndani ya utunzi wenyewe. Ukisikiliza mfululizo kwenye simu, jaribu angalau kusimamisha katikati.

Sielewi hata neno moja linaloimbwa. Nikose nini?

Wakati mwingine hukosi kitu. Kwenye Slowly We Rot ya Obituary, ya mwaka 1989, John Tardy mara nyingi alitoa miungurumo tu bila maneno kamili, na inafaa kabisa, koo lake ni chombo cha muziki. Lakini Carcass wa mwanzo waliandika kwa istilahi za kitabibu, na Napalm Death wameandika miaka yote kuhusu unyonyaji, ubaguzi na vita. Hao wasome. Mngurumo wenyewe, kwa wanaouliza, ni ufundi. Anayejua hutumia nyama zilizo juu ya nyuzi za sauti, na asiyejua huumiza koo ndani ya wiki moja.

Mama anasema huu ni muziki wa shetani. Nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima na kwa ukweli, usimdanganye. Baadhi ya bendi hutumia mapepo kama mchezo wa jukwaani, na Venom walikuwa hivyo. Baadhi walimaanisha: huko Norway makanisa yalichomwa, likiwemo la mbao la Fantoft, Juni 1992. Hilo lilikuwa uhalifu na mama ana haki ya kuchukizwa nalo. Na kuna bendi za Kikristo ndani ya muziki huu huu. Mortification wa Australia walipiga dethi metali ya imani tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na Horde, pia wa huko, walitoa Hellig Usvart mwaka 1994, bleki metali kamili inayompinga shetani. Na bendi nyingi sana hazizungumzii dini kabisa. Bolt Thrower wa Coventry waliimba kuhusu vita maisha yao yote.

Mama akikuomba usipige kwa sauti kubwa wakati wa sala, punguza.

Msanii alifanya uhalifu. Ninunue albamu yake?

De Mysteriis Dom Sathanas ya Mayhem ilitoka mwaka 1994. Gitaa ni la Euronymous, aliyeuawa Agosti 1993. Besi ni ya Varg Vikernes, aliyemuua. Mwuaji na marehemu wako pamoja kwenye kila wimbo. Ni moja ya rekodi kubwa za bleki metali na ninayo. Ninapoizungumzia, nataja hilo, maana kulinyamazia ni kumkosea aliyekufa.

Pesa ni jambo jingine. Vikernes alihukumiwa miaka 21, akatoka mwaka 2009, na maandishi yake ya kibaguzi yanajulikana. Mimi ni Mwafrika. Simpi shilingi yangu mtu anayeniona duni, na sioni haja ya kumbembeleza mwenzangu akubali. Kuna lebo ndogo zinazouza itikadi hiyo waziwazi, hivyo kabla ya kuagiza bendi usiyoijua tazama lebo yake ina bendi gani nyingine. Encyclopaedia Metallum, tovuti ya kumbukumbu za bendi za metali iliyoanza mwaka 2002, hutaja mada za maneno ya kila bendi na itakuokoa.

Rekodi yenye jalada lenye picha ya kifo halisi cha mwanamuziki Dead wa Mayhem, iliyotolewa bila idhini ya bendi, usiiweke rafuni kwako. Yule alikuwa kijana wa miaka 22 aliyekuwa mgonjwa.

Kuna metali kali ya kwetu ya kukusanya?

Ipo, na inastahili nafasi ya mbele rafuni. Duma walikuwa wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za metali za mji ule. Albamu yao, iitwayo Duma, ilitolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ngoma zake ni za kompyuta, zinapiga kasi ambayo mkono wa mtu haufiki, na juu yake Khanja anapiga mayowe na kunguruma. Mara ya kwanza niliisikia kama graindikoa iliyonyang'anywa gitaa. Nimeirudia mara nyingi tangu hapo, na sasa nasikia jinsi midundo inavyozunguka, inavyorudi na kuongezeka, kwa namna ambayo haitoki Birmingham wala Tampa. Anzia na "Lionsblood". Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024 kwenye lebo yake mwenyewe, Haekalu.

Uganda kuna Vale of Amonition wa Kampala, wapigaji dumu wenye nyimbo ndefu na subira. Botswana ina Wrust, Skinflint na Overthrust, na mashabiki wanaovaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe. Sepultura wa Belo Horizonte walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba huhitaji kuzaliwa Ulaya au Marekani, na Roots ya mwaka 1996, waliporekodi na watu wa Xavante, bado inabishaniwa vizuri.

Nakala za kushika za bendi zetu huchapwa chache na hazirudiwi. Ukiiona, inunue siku hiyo hiyo. Mbuzi wa manjano atapata wanunuzi wengine.

Mjadala ukigeuka "hiyo si metali halisi"?

Mwulize anayesema hivyo ataje wimbo na dakika. Akitaja, endeleeni. Asipotaja, pitieni albamu inayofuata.

Niandike kumbukumbu gani?

Tarehe uliyoipata, toleo, michongo, bei pamoja na posta na kodi, na sentensi mbili tatu kuhusu ulichosikia mara ya kwanza. Baada ya mwaka soma sentensi hizo. Zilizokuwa na makosa ndizo zitakazokupa mjadala mzuri kuliko zote. Kumbukumbu ya bei pamoja na posta itakuzuia pia kununua tena kwa papara, jambo ambalo hakuna ushauri wangu unaoweza kulizuia.

Nina albamu nyingi nilizonunua na bado sijazifungua. Nikome?

Koma kwa muda, ndiyo. Weka zile mpya pembeni, nje ya rafu, na isiingie rafuni yoyote ambayo hujaisikiliza mara tatu. Rundo likikua hadi linakukera, uza au gawa zile ambazo huoni hamu ya kuzifungua. Kuna kijana wa mtaani kwako anayeitafuta hiyo hiyo.

Je, nimwazime mtu santuri?

CD, ndiyo, kwa yeyote atakayekuja kukuambia alichosikia. Santuri, mwalike aje asikilizie kwako.